Je, Hompesch aliiuza Malta? Na hiki cheti cha "tawi la Urusi" kina uhalali gani?

"Mwalimu shikamoo. Mjomba wangu yuko Mwanza, amestaafu, ni mtu wa kanisa sana. Kuna mtu kamuunga kwenye grupu la WhatsApp la Manaiti wa Malta, wanajiita tawi la Urusi, wanasema akilipa dola 1,200 ataapishwa na kupewa cheti, medali na pasipoti ya kidiplomasia. Ameshatuma 300. Humo ndani wanafundishwa kwamba mkuu wa mwisho aliyetawala Malta, Hompesch, aliiuza nchi kwa Napoleon bila kupiga hata risasi moja, kwa hiyo akavuliwa cheo na shirika la kweli likahamia Urusi, hili la Roma ni la wasaliti. Nikisoma mtandaoni kila mtu ana lake, wengine wanasema manaiti walichomwa moto wote. Ukweli ni upi? Na kweli mtu anaweza kupoteza kisiwa chenye kuta zile kwa siku mbili kama hajahongwa?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka halafu historia itafuata: mjomba asitume tena hata senti, na asitume picha ya pasipoti yake wala kitambulisho kama bado hajatuma. Kama ameshatuma nitakuambia mwishoni cha kufanya. Usimwone mjinga lakini, maana hadithi aliyopewa imeshonwa kwa vipande vya kweli. Hompesch alikuwepo, Napoleon alichukua Malta kwa siku chache tu, Urusi iliingia kweli, Hompesch alivuliwa cheo kweli. Uongo wao uko kwenye namna walivyounganisha hivyo vipande, ndo maana mtu msomi kabisa anaweza kunasa.

Hilo la kuchomwa moto tuliondoe kwanza. Waliochomwa ni wa shirika lingine, Watemplari, ambao mkuu wao wa mwisho Jacques de Molay alichomwa Paris mwaka 1314, miaka miwili baada ya Papa kulifuta shirika lenyewe. Hawa wa Malta ni Shirika la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu, wanaitwa pia Wahospitali kwa sababu walianza na hospitali ya mahujaji Yerusalemu, Papa akawatambua rasmi mwaka 1113, baadaye wakabeba na silaha, wakawa watawa wenye nadhiri ambao pia ni askari wa vita vya msalaba. Hawakuchomwa na mtu, tena sehemu kubwa ya mali za Watemplari walipewa wao.

Sasa ili uelewe 1798 inabidi uelewe hawa watu waliishi kwa hela gani, na hapa ndo wengi wanaparuka haraka wakimbilie kwa Napoleon. Shirika lilifukuzwa Nchi Takatifu mwaka 1291, likapitia Kupro, likakaa kisiwa cha Rhodes miaka zaidi ya mia mbili hadi Sultani Suleiman alipowatoa mwishoni mwa 1522, wakatangatanga, ndipo mwaka 1530 Kaisari Charles V akawapa Malta na Gozo pamoja na Tripoli ya Libya, kodi yake ikiwa falkoni mmoja kwa mwaka, yule ndege wa kuwindia. Malta yenyewe ni mwamba, chakula kingi kilitoka Sicily. Kilicholisha Shirika ni mashamba na majumba waliyokuwa nayo Ulaya nzima, hasa Ufaransa, kila mwaka pato linatumwa kisiwani. Kwa hela hizo ndo walijenga Valletta, mji wao mkuu, wakazungusha kuta juu ya kuta, wakaendesha ile hospitali yao kubwa ambayo wagonjwa walilishwa kwenye sahani za fedha, wakaendesha na meli za kupambana na Waottomani na maharamia wa Afrika Kaskazini. Na tuseme wazi, meli hizo nazo ziliteka watu, Valletta ilijaa watumwa Waislamu wa kupiga makasia. Siwasafishi.

Basi mapinduzi ya Ufaransa yakaja, na mwezi Septemba 1792 serikali ya Paris ikataifisha mali zote za Shirika ndani ya Ufaransa. Kwa maoni yangu Malta ilipotea siku ile, miaka karibu sita kabla meli ya Napoleon haijaonekana. Mkuu wa wakati huo, Emmanuel de Rohan, akabaki na serikali yenye majumba ya kifalme na hazina inayokauka, vyombo vya fedha vikaanza kuyeyushwa kulipia mambo ya kawaida, na manaiti Wafaransa ambao ndo walikuwa wengi kuliko wote wakawa wakimbizi wasio na kwao.

Rohan akafa Julai 1797, akachaguliwa Ferdinand von Hompesch, Mjerumani wa kwanza kushika cheo hicho. Huyu hakuwa mgeni Malta, alifika kijana mdogo akiwa mtumishi wa ndani wa Mkuu wa Shirika wa enzi hizo, akakulia pale, watu walimpenda, inasemekana hata Kimalta alikizungumza, kitu ambacho wakuu waliomtangulia hawakujisumbua nacho. Alivipa vijiji vikubwa hadhi ya mji, Żabbar ikaitwa Città Hompesch, na watu wa Żabbar wakamjengea tao la mawe barabarani. Hilo tao bado lipo, ukienda Malta utapita hapo. Nakutajia hili kwa sababu grupu la mjomba linamchora kama jambazi, na waliotawaliwa naye hawakumwona hivyo kabisa. Alikuwa mtu mwema, mwanadiplomasia mzuri wa enzi za amani, na akaangukiwa na wiki moja iliyohitaji mtu wa aina nyingine.

Wiki yenyewe ilienda hivi. Tarehe 9 Juni 1798 meli za Ufaransa zikajaza bahari mbele ya Valletta, mamia, zenye askari zaidi ya 30,000 wakielekea Misri. Napoleon akaomba ruhusa ya kuingia bandarini wachukue maji. Hompesch akajibu kwa kanuni ya kutofungamana na upande wowote, kwamba ziingie meli nne tu kwa wakati mmoja. Hebu fikiria hesabu yake, meli mamia zinywe nne nne. Kisheria jibu lilikuwa sahihi kabisa, ila yule aliyeomba hakuja kwa ajili ya maji. Konsuli wa Ufaransa aliyepeleka jibu akabaki hukohuko melini, barua ikarudi kwamba watachukua kwa nguvu, na alfajiri ya tarehe 10 wakashuka pande zote, St. Paul's Bay, St. Julian's, Marsaxlokk, na Gozo. Mchana wa siku hiyo Mdina, mji mkuu wa zamani, ulikuwa umeshasalimu amri.

Kwamba hakupigwa risasi hata moja ni uongo. Kule Marsaxlokk ngome moja ilishikilia hata baada ya zile za jirani kuanguka, meli za makasia za Shirika zilitoka kwenda kushambulia mashua za kushushia askari, na kikosi cha Wamalta kilitoka nje ya kuta kuwakabili Wafaransa, kikarudishwa vibaya mpaka bendera ya Shirika ikatekwa na ofisa kijana aitwaye Marmont, akapandishwa cheo kwa hilo. Watu walikufa. Tatizo ni kwamba ulikuwa upinzani wa vipande vipande, kila ngome na lake, hakuna amri inayotoka juu.

Na ndani ya kuta ndo kulikuwa kubaya zaidi. Manaiti wote kisiwani walikuwa 332, kama hamsini kati yao wazee au wagonjwa, na karibu mia mbili ni Wafaransa wanaoambiwa wapigane na Wafaransa wenzao. Nadhiri za Shirika ziliwakataza kupigana na Wakristo, kwa hiyo mtu asiyetaka vita alikuwa na sababu ya kidini mkononi. Mweka hazina mwenyewe, Bosredon de Ransijat, aliandika kwamba nadhiri yake ilikuwa ya kupigana na Waturuki, sio nchi yake, akawekwa ndani. Siku mbili baadaye huyohuyo akatolewa akawe kwenye ujumbe wa kusaini, na Napoleon akamfanya rais wa tume ya serikali mpya. Halafu kuna mizinga iliyokuwa haijapigwa vitani miaka mingi na baruti iliyooza. Halafu kuna Wamalta, watu kama laki moja waliotawaliwa na shirika ambalo wao hawakuruhusiwa kuwa manaiti kamili ndani yake, wenye kumbukumbu ya mwaka 1775 mapadre walipoongoza uasi na baadhi ya waasi wakauawa. Usiku wa tarehe 10 askari wa Kimalta wakaanza kuona wasaliti kila kona, wakawaua baadhi ya manaiti Wafaransa, doria zikapigana zenyewe gizani. Wakubwa wa kimji wa Valletta wakaenda kwa Hompesch kumsihi aombe suluhu kabla mji haujaungua kutoka ndani. Akakubali. Tarehe 11 mapigano yakasimama, na usiku wa kuamkia 12 mkataba ukasainiwa ndani ya L'Orient, meli ya Napoleon. Sahihi ya Hompesch mwenyewe haimo, walisaini wajumbe.

Swali lako la kuta ni zuri na wengi hawaliulizi vizuri. Ndiyo, kuta zile zilikuwa kati ya kali kuliko zote Ulaya, inasimuliwa kuwa Jenerali Caffarelli alipozikagua alimwambia Napoleon ni bahati kulikuwa na mtu ndani wa kuwafungulia mlango. Ila angalia kilichofuata. Napoleon alikaa siku chache, akawaachilia watumwa, akafuta vyeo vya kikabaila, akabeba dhahabu na fedha za Shirika na makanisa, akaendelea Misri na kumwachia Jenerali Vaubois askari elfu chache. Tarehe 2 Septemba 1798 Wafaransa walipotaka kupiga mnada mali za kanisa Mdina, Wamalta wakaasi nchi nzima, Vaubois akajifungia ndani ya Valletta, Waingereza na Wareno wakaja kuziba bandari, na akashikilia mpaka Septemba 1800. Miaka miwili! Njaa ndo iliyomtoa, hakuna aliyezivuka zile kuta. Kuta ni zilezile alizokuwa nazo Hompesch, tofauti ni kwamba Vaubois alikuwa na jeshi moja linalosikia amri moja. Hata ule mzingiro wa Waottomani wa 1565, miezi karibu minne, manaiti walisimama nyuma ya ngome duni kuliko hizi, ila walikuwa na Jean de Valette kichwani, Wamalta walikuwa pamoja nao, na msaada ulikuwa njiani kutoka Sicily. Mwaka 1798 Papa mwenyewe alikuwa ameshatolewa Roma na Wafaransa, Naples inatetemeka. Hakuna wa kumtumia msaada.

Sasa alihongwa? Mkataba ulimuahidi Hompesch utawala wa eneo fulani Ujerumani kama ungepatikana, na pensheni ya faranga 300,000 kwa mwaka. Ukiusoma huo tu unaweza kusema ameuza. Ila bei hiyo iliandikwa baada ya kushindwa, sio kabla, na pensheni hiyo alibaki akiidai, utawala wa Ujerumani haukuonekana kamwe. Alipanda meli kwenda Trieste usiku wa tarehe 17 Juni akiwa na masalia matakatifu matatu, mkono wa Yohane Mbatizaji, kipande cha Msalaba na picha ya Bikira Maria wa Filermo waliyotoka nayo Rhodes, vito na dhahabu zikiwa zimebaki kwa Wafaransa. Miaka yake ya mwisho alihangaika kufuatilia madai yake, mwaka 1804 akahamia Montpellier, Ufaransa, kwa serikali ileile iliyomnyang'anya nchi, akafa huko Mei 1805 akiwa maskini mwenye madeni. Mtu aliyeuza nchi hafi hivyo.

Lakini simpi msamaha wote. Fununu za Wafaransa kuitaka Malta zilikuwepo muda mrefu, na alikuwa na karibu mwaka mzima. Hakukagua baruti, hakuamua mapema manaiti gani wasiwekwe kwenye ngome za mbele, hakutoka kuonekana na askari wake siku ile ya tarehe 10. Kuna wanahistoria wanaosema baadhi ya manaiti Wafaransa walishapanga na Paris kabla, na mimi naona wapo waliopanga, ushahidi wa watu kama Ransijat kupewa vyeo haraka vile unasema kitu. Kwa hiyo nikiulizwa nasema usaliti ulikuwepo chini yake, udhaifu ulikuwa kwake, na ufukara wa hazina ulikuwepo kabla yao wote.

Tuje Urusi, maana hapa ndo dola 1,200 za mjomba zinapoombwa. Tsar Paul I alikuwa anawapenda manaiti tangu utoto, na Januari 1797 alishasaini nao mkataba wa kuanzisha tawi nchini kwake. Malta ilipoanguka, manaiti waliokuwa St. Petersburg wakamtangaza Hompesch msaliti, na Novemba 1798 wakamtangaza Paul kuwa Mkuu wa Shirika. Shida ni kwamba hili ni shirika la kitawa la Kikatoliki chini ya Papa, Paul alikuwa Mwortodoksi mwenye mke na watoto, wapiga kura walikuwa sehemu ndogo ya Shirika, na Papa Pius VI hakulikubali jambo hilo. Hompesch akasukumwa na Austria, iliyokuwa inaihitaji Urusi kwenye vita, akaachia cheo Julai 1799. Masalia yakapelekwa Urusi, na safari yao ilikuwa ndefu, leo picha ya Bikira na mkono wa Yohane viko Cetinje, Montenegro.

Kisha Paul akauawa Machi 1801, na hapa msikilize vizuri mjomba, mwanawe Alexander I hakutaka hicho cheo. Aliacha uchaguzi urudi kwenye njia yake, na mwaka 1803 Papa Pius VII akamteua Giovanni Battista Tommasi. Mkataba wa Amiens wa 1802, wa amani kati ya Uingereza na Ufaransa, ulisema hata Malta irudishwe kwa Shirika, Waingereza hawakuondoka, na 1814 ikawa koloni lao rasmi hadi uhuru wa 1964. Kule Urusi serikali yenyewe ikachukua mali za matawi yale, na mwaka 1817 ikatamka kwamba shirika hilo halipo tena nchini humo. Kwa hiyo mtu anayekuuzia cheo cha "tawi la Urusi" leo anakuuzia kitu ambacho Tsar mwenyewe alishakifunga. Vikundi vinavyodai urithi huo vilianza kuchipuka baadaye sana, viko vingi, na vingi vinatafuta ada.

Shirika lenyewe lilitangatanga Sicily na kwingine, mwaka 1834 likatulia Roma na hadi leo lipo. Halina nchi, lakini lina uhusiano wa kibalozi na mataifa zaidi ya mia moja, Kenya na Kongo zikiwemo, lina kiti cha mwangalizi Umoja wa Mataifa tangu 1994, na shirika lake la misaada, Malteser International, linafanya kazi za afya mashariki ya Kongo na kaskazini mwa Uganda. Nyaraka za enzi za Malta zimebaki Valletta, Maktaba ya Taifa, anayetaka kuhakiki anaweza. Ule msalaba wa ncha nane unaouona kwenye ambulensi za St John kule Kenya unatokana na historia hiyohiyo, ila ni shirika la Kiingereza lililopewa hati na Malkia Victoria mwaka 1888, linatambuana na lile la Roma. Hawa wote uanachama haununuliwi kwenye WhatsApp, mtu anapendekezwa na wanaomjua kwa kazi zake, na pasipoti wanapewa viongozi na wanadiplomasia wachache wakiwa kazini. Ukiambiwa pasipoti ya kidiplomasia kwa ada, hapo hata historia usihangaike nayo, ni utapeli. Na akijaribu kuvuka mpaka nayo, mwenye kesi atakuwa yeye.

Cha kufanya sasa. Kama hizo 300 zilipita kwenye simu au benki, nendeni leo sio kesho kwenye tawi la mtandao wake au benki mkiwa na meseji za muamala, waombe kama bado zinaweza kuzuiliwa. Zikishatolewa upande wa pili kuzipata ni ngumu, sitawadanganya. Nendeni polisi mfungue jalada mpate RB, pelekeni namba zote za hao watu, na namba iliyotuma meseji za kitapeli itumeni 15040. Msifute lile grupu kabla hamjapiga picha kila kitu, majina, namba za akaunti, vyeti walivyotuma. Kama alitoa nakala ya pasipoti au NIDA, mwambieni polisi na benki pia, maana hiyo inaweza kuwaumiza kuliko zile dola. Na mtu akija baadaye akisema ni wakili anayesaidia kurudisha hela za waliotapeliwa, kwa ada kidogo, ni walewale.

Mkitaka uhakika wa maandishi, andikeni barua kwa ofisi ya Shirika Roma mwambatanishe cheti, huwa wanatoa tahadhari kuhusu mashirika ya kuiga. Au mjomba aende kwa paroko wake, aombe aulize jimboni. Nadhani hii ya paroko itamfaa zaidi, kwa sababu mzee wa kanisa akiambiwa na mpwa wake kwamba katapeliwa atakasirika, ila akikaa na padre wake akasimuliwa kwamba cheo kile Papa hakukitambua tangu 1798, atasikiliza. Nenda naye lakini, usimwache aende peke yake, na hela uliyomwona anatuma usiitaje mbele za watu.